Kiingilio cha Peni Moja: Jumba la Maigizo la Umma na Mwambao wa Kisumu

Jumba la maigizo la umma, yaani jengo au uwanja uliotengwa kwa michezo ya kuigiza ambamo mtu yeyote mwenye kiingilio kidogo huingia bila kuulizwa ukoo wala cheo chake, ni taasisi changa kuliko sanaa yenyewe ya kuigiza. Watu wa mwambao wa Ziwa Victoria waliigiza katika matanga, katika sherehe na katika masimulizi ya jioni kwa vizazi vingi kabla hajatokea mtu wa kuuza tikiti, na huko Uingereza nako michezo ilichezwa makanisani, barabarani na katika nyua za nyumba za wageni muda mrefu kabla ya jumba la kwanza kusimama. Jambo jipya lililotokea London wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, ni kwamba sanaa hiyo ilipata makazi ya kudumu, ikawa kazi ya kila siku, na ikawakusanya mahali pamoja watu ambao sheria na desturi ziliwatenga kwingineko kote. Historia ya majumba hayo inastahili kusomwa mjini Kisumu kwa sababu maswali iliyoyaibua kuhusu bei, lugha na kibali cha serikali ndiyo yale yale ambayo maigizo ya Kenya, hasa ya upande wa magharibi wa nchi, yamekabiliana nayo hadi miaka ya karibuni.

Hali ya mwigizaji wa Kiingereza wa zama hizo ilikuwa dhaifu kisheria. Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasio na mlezi mkubwa kuwa wazururaji, wakawekwa kundi moja na ombaomba na matapeli wa barabarani, wakastahili kuchapwa viboko hadharani. Kwa hiyo kila kundi lililotaka usalama lilijiweka chini ya jina la mkuu fulani na kuitwa watumishi wake, ingawa riziki yake lilichuma kwa wananchi wa kawaida. Mmoja wa watumishi wa aina hiyo alikuwa James Burbage, seremala aliyeingia katika uigizaji, ambaye mwaka 1576 alishirikiana na shemeji yake John Brayne kujenga jumba lililoitwa The Theatre huko Shoreditch. Brayne alikuwa tayari amejaribu jambo hilo mwaka 1567 kwa kusimamisha jukwaa na roshani za watazamaji mahali palipoitwa Red Lion, mashariki ya London, lakini jaribio hilo halikudumu. Kiwanja cha Shoreditch hakikuchaguliwa kwa bahati, kwa maana kilikuwa nje ya kuta za jiji, mahali ambapo mamlaka ya Meya na baraza lake hayakufika. Na baraza hilo lilikuwa limekwisha kuonyesha mwaka 1574, kwa kanuni kali kuhusu michezo, kwamba halikupenda kuona wanagenzi wakiacha karakana za mabwana zao mchana kweupe ili kwenda kutazama maigizo.

Majumba mengine yalifuata upesi: The Curtain mwaka 1577 jirani na lile la kwanza, kisha upande wa kusini wa mto Thames The Rose la mfanyabiashara Philip Henslowe mwaka 1587 na The Swan mwaka 1595. Huko kusini majumba yalikaa pamoja na viwanja vya kupiganisha dubu na mbwa, madanguro na magereza, yaani kila kitu ambacho jiji lilikitaka lakini halikutaka kukiona ndani ya kuta zake. Jumba mashuhuri kuliko yote, The Globe, lilizaliwa kutokana na mgogoro wa ardhi. Mkataba wa kiwanja cha Shoreditch ulikwisha mwaka 1597 na mwenye ardhi, Giles Allen, akakataa kuurefusha kwa masharti yaliyokubalika. Basi mwishoni mwa Desemba 1598 wana wa Burbage, wakiongozwa na fundi Peter Street, walilibomoa jumba lao ubao kwa ubao, na mbao hizo zikavushwa mto ili kujengea jumba jipya lililofunguliwa mwaka 1599. Kwa kuwa fedha hazikutosha, ndugu hao walibaki na nusu ya umiliki na nusu nyingine wakawagawia waigizaji watano, William Shakespeare akiwa mmoja wao. Utaratibu huo una uzito kuliko unavyoonekana, kwani uliwafanya waigizaji kuwa wenye nyumba, na mwandishi aliyekuwa na hisa katika mlango alikuwa na kila sababu ya kuandika kwa ajili ya kila aliyeupita.

Muundo wa majumba hayo unajulikana kwa sehemu kutokana na hati za ujenzi na kwa sehemu kutokana na uchimbaji wa wanaakiolojia. Mengi yalikuwa ya mbao, yenye pembe nyingi hata yakakaribia umbo la duara, yakiwa na roshani tatu moja juu ya nyingine zilizouzunguka ua usioezekwa, na jukwaa lililochomoza hadi katikati ya ua huo. Mkataba wa jumba la The Fortune, lililojengwa na Peter Street huyo huyo mwaka 1600 kwa gharama ya pauni 440, unaonyesha jengo la mraba lenye futi 80 kila upande kwa nje, yaani takriban mita 24, na jukwaa lenye upana wa futi 43. Masalia ya The Rose yalipofukuliwa mwaka 1989 yalionekana maganda mengi ya njugu zitwazo hazeli katika sakafu ya ua, na vilevile vigae vya vibuyu vidogo vya udongo vilivyokuwa na upenyo mwembamba wa kutumbukizia sarafu. Vibuyu hivyo ndivyo walivyovishika wakusanyaji wa kiingilio mlangoni. Havikuwa na kifuniko, kwa hiyo fedha hazikuweza kutolewa bila kukivunja chombo, na kilivunjwa baada ya onyesho mbele ya washirika ili kila mmoja aone hesabu.

Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi aliyetazama mchezo wa Julius Caesar mjini London mwezi Septemba 1599, alieleza jinsi malipo yalivyopangwa. Aliyelipa peni moja alisimama uani, juani au mvuani. Aliyeongeza peni ya pili alipanda roshani na kupata pa kukaa. Na aliyetoa ya tatu alipewa mto wa kukalia na mahali pa kuona na kuonekana vizuri. Peni moja ilikuwa sehemu ndogo ya ujira wa siku wa fundi, na kwa ajili hiyo mpagazi, mwanagenzi, muuza samaki, mwanasheria na mtoto wa lodi walijikuta wakicheka jambo moja kwa wakati mmoja. Onyesho lilifanyika alasiri kwa mwanga wa jua, bila taa wala pazia la mbele, na nafasi zote za wanawake zilichezwa na wavulana, kwa kuwa wanawake hawakupanda majukwaa ya umma ya Uingereza hadi 1660. Mwanga huo wa jua ulikuwa na athari kubwa, kwani watazamaji walionana wao kwa wao muda wote, wakamwona mwigizaji naye akawaona, hata neno lililosemwa jukwaani kana kwamba ni siri lilikuwa kwa kweli linaambiwa umati. Wengi wao hawakujua kusoma, na lugha waliyoisikia ilikuwa lugha yao ya nyumbani, iliyonyanyuliwa hadi daraja ambalo wasomi wa siku hizo walidhani ni la Kilatini peke yake.

Mkusanyiko wa namna hiyo haukuweza kupuuzwa na watawala. Edmund Tilney, aliyekuwa msimamizi wa burudani za kifalme tangu 1579, alipewa mwaka 1581 mamlaka ya kusoma kila mchezo kabla haujachezwa, kufuta maneno asiyoyapenda na kutoza ada ya kibali. Tauni ilipozidi, majumba yalifungwa, na kufungwa kwa miaka ya 1592 hadi 1594 kulivunja makundi kadhaa. Mwaka 1597 mchezo ulioitwa The Isle of Dogs, uliohesabiwa kuwa wa uchochezi, ulisababisha maonyesho kusimamishwa na Ben Jonson, mmoja wa waandishi wake, kutiwa gerezani. Tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wa mkuu wa Essex waliwalipa waigizaji wa The Globe shilingi 40 za ziada ili wacheze hadithi ya Richard wa Pili, mfalme aliyevuliwa taji, na kesho yake wakajaribu kuasi. Waigizaji walihojiwa wakaachiliwa, lakini hakuna aliyekuwa na shaka tena kwamba hadithi ya kale inaweza kuwa hoja ya leo. The Globe liliungua tarehe 29 Juni 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa katika mchezo kuwasha paa la nyasi, likajengwa upya mwaka uliofuata kwa vigae, na hatimaye Bunge likayafunga majumba yote mwezi Septemba 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza.

Mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria haukuwa na jengo la aina hiyo, lakini ulikuwa na watazamaji wa aina hiyo, na hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa mtafiti. Miongoni mwa Waluo masimulizi yaitwayo sigana yalitolewa katika nyumba ya bibi, siwindhe, ambamo msimulizi aligeuza sauti yake kuwa ya kila mhusika, fisi na msichana na jitu, na wasikilizaji wakaitikia nyimbo zake. Katika mazishi ya mzee kulikuwa na tero buru, shughuli ambamo wanaume, wakiwa na ng'ombe, mikuki na ngao, huliendea pori au mpaka wa kale na kuigiza vita vya kukifukuza kifo nje ya boma. Shughuli hiyo ina mavazi, ina njia yake, ina kilele chake, na kila aliyehudhuria ana sehemu ya kucheza.

Mfano ulio karibu zaidi na ua wa The Globe, hata hivyo, ni mkusanyiko wa nyatiti, kinubi chenye nyuzi nane ambacho mpigaji wake huketi chini kwenye kigoda kifupi, njuga zikiwa mguuni na pete ya chuma katika kidole cha mguu akiigongesha kwenye mwili wa chombo ili kushika mapigo. Katika mkusanyiko huo msikilizaji ana haki ya kuusimamisha muziki kwa kutoa fedha, kisha husimama na kujitambulisha kwa majigambo yaitwayo pakruok, akijitaja kwa mafumbo, kwa mababu zake, kwa mpenzi wake au kwa ziwa alilovulia, mpaka umati upasuke kwa kicheko au kwa sifa. Anapomaliza, mpigaji huendelea, na mwingine hutoa chake kulipiku jina la kwanza. Malipo hapo hayamnunulii mtu ukimya wa kutazama tu, yanamnunulia zamu ya kusema, na kwa kipimo hicho mwambao wa ziwa ulikwenda hatua moja mbele ya London.

Mji wa Kisumu wenyewe ulikuja baadaye, reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901 na kituo hicho kikaitwa Port Florence. Ulikuwa mji wa kikoloni uliogawa makazi kwa rangi, na burudani nayo ikagawanywa hivyo hivyo, Wazungu wakiwa na klabu zao na Waafrika wakiwekewa baadaye kumbi za ustawi wa jamii. Kuna ukumbi mmoja unaostahili kutajwa peke yake, nao ni Ofafa Memorial, uliojengwa kwa michango ya jumuiya ya Luo Union kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953 wakati wa hali ya hatari. Wananchi waliochanga shilingi zao walionyesha kwamba watu wasio na mamlaka wanaweza kujijengea mahali pa kukutania, jambo ambalo serikali ya wakati huo haikuwa na haraka ya kuwafanyia. Jijini Nairobi, mwaka 1952, mwaka huo huo hali ya hatari ilipotangazwa, lilifunguliwa Jumba la Taifa la Maigizo, ambalo kwa miaka mingi lilitawaliwa na makundi ya Wazungu na michezo ya kutoka London, na hata baada ya uhuru waandishi wa Kenya walilazimika kugombea tarehe za kuonyesha kazi zao ndani yake.

Kwa kuwa jumba halikuwafikia watu, baadhi ya wasanii waliamua kulipeleka jukwaa kwao. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na mwalimu wao David Cook, walianzisha maigizo ya kusafiri yaliyozunguka Uganda na Kenya bila kutoza kiingilio, yakichezwa kwa Kiingereza na pia kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Na mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha kundi lake la kusafiri ambalo mwandishi John Ruganda alikuwa mhimili wake. Tamasha la maigizo la shule, lililoanza mwaka 1959 likiwa karibu mali ya shule za Wazungu, liligeuzwa hatua kwa hatua kuwa la shule zote nchini. Magharibi mwa Kenya palitoa waandishi waliosikika mbali: Francis Imbuga wa Maragoli, ambaye mchezo wake Betrayal in the City uliiwakilisha Kenya katika tamasha la Lagos la mwaka 1977, na Grace Ogot wa Asembo, aliyeandika riwaya Miaha kwa Dholuo mwaka 1983, ambayo baadaye ilichezwa jukwaani mbele ya wasemaji wa lugha hiyo. Kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye nguvu zake zilikaa katika kivuli chake, kilifanywa mchezo wa kuigiza na Okoiti Omtatah mwaka 1991.

Jumba la Kenya linalofanana kwa dhati na yale ya London halikujengwa Kisumu wala Nairobi, bali kijijini Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji hicho walijenga kwa mikono yao uwanja wa maigizo usio na paa wenye viti zaidi ya 2,000, kisha wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ unaojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wazee waliokuwa wakipita walimkosoa mwandishi pale mhusika wake aliposema jambo ambalo mtu wa umri ule asingelisema. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977, watu wakafika kwa mabasi ya kukodi kutoka mbali, na tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa na mkuu wa wilaya. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, akakaa humo karibu mwaka mzima. Kundi lilipojaribu tena mwaka 1982 kwa mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, lilikuta milango ya Jumba la Taifa imefungwa, na mwezi Machi polisi wakaubomoa uwanja wa kijiji. Elizabeth na mawaziri wake, pamoja na ukali wao wote, walivifunga vinywa vya waandishi na kuyaacha majengo yasimame. Huko Limuru hata mbao hazikusalimika, na hilo ni doa ambalo Kenya haijalifuta.

Kibali hakikuacha kuwa mgogoro baada ya katiba mpya ya mwaka 2010 kutamka uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Shule ya upili ya wasichana ya Butere iko mwisho wa tawi la reli linalotoka Kisumu kupitia Maseno, Luanda na Yala, na Grace Ogot aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Mwaka 2013 mchezo wa shule hiyo ulioitwa Shackles of Doom, uliozungumzia mgawanyo usio wa haki wa mali ya nchi, ulizuiwa kuingia katika tamasha la taifa mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru uchezwe. Mwezi Aprili 2025 mchezo mwingine wa shule hiyo hiyo, Echoes of War, ulioandikwa kama ule wa awali na mwanasiasa Cleophas Malala, nao ulizuiwa, mahakama ikaamuru tena uruhusiwe, na wanafunzi wakafika Nakuru kwenye tamasha. Huko polisi waliwatawanya watu kwa mabomu ya machozi, na asubuhi ya tarehe 10 wasichana hao, wakiwa hawana watazamaji wala mwelekezi wao, waliimba wimbo wa taifa na kushuka jukwaani bila kuucheza mchezo. Tilney alikuwa akifuta mistari kwa kalamu na kuurudisha mchezo kwa wenyewe. Hapa watoto wa shule walipewa kibali na jaji na kunyimwa ukumbi na polisi, hali ambayo inamwumiza kila anayeithamini elimu.

Maigizo ya mwambao wenyewe yameendelea bila kungoja jengo. Katika miaka ya janga la ukimwi vikundi vya vijana viliigiza sokoni na kwenye fuo za wavuvi kuhusu mambo yaliyokuwa magumu kutamkwa mkutanoni, ikiwemo jaboya, desturi ambayo mwanamke mchuuzi humpa mvuvi mwili wake ili apate samaki wa kuuza. Waigizaji wa namna hiyo husimamisha mchezo katikati na kuwauliza watazamaji mhusika afanye nini, na mara nyingi mama muuza omena hujitosa na kuonyesha mwenyewe. Kwa upande mwingine, mwaka 2012 jumba la The Globe lililojengwa upya London lilialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na kundi la waigizaji kutoka Kenya likaenda na The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, tafsiri ikiwa ya Joshua Ogutu. Kiswahili kilisikika kwenye ua ule kwa watu waliosimama, kama walivyosimama wenye peni moja.

Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti kazi ya shughuli na majengo ya utamaduni, kwa hiyo uamuzi juu ya kumbi za Kisumu sasa uko Kisumu. Ukumbi mmoja wa jiji ukitengwa kwa maigizo kila Jumamosi alasiri, kwa kiingilio kisichozidi nauli ya matatu kutoka Kondele hadi mjini, michezo ikachezwa kwa Dholuo, Kiswahili na lugha za Waluhya, na vikundi vyenyewe vikapewa sehemu ya mapato kama waigizaji wa The Globe walivyogawana yao, jiji litakuwa na jumba la umma bila kumwaga zege jipya hata debe moja. Sharti gumu kuliko yote ni kwamba mchezo usiopendwa na wakuu uchezwe hadi mwisho.